Barua Pepe Salama Chuoni: Aanze Kufundishwa Nani?

Katika toleo hili nimekusanya barua tano za wasomaji zinazohusu jambo moja, yaani namna ya kuwafundisha watu wa chuo kikuu, kuanzia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi profesa, kutumia barua pepe bila kujiletea hasara wao wenyewe au kukiletea hasara chuo. Barua nimezifupisha, na majina ya waandishi pamoja na ya vyuo vyao nimeyaacha. Mwandishi mmoja alihofia kazi yake na mwingine alihofia kuchekwa. Hofu hizo mbili nimezikuta mara nyingi mno katika miaka niliyozihudumia seva za barua pepe za taasisi za elimu, na sehemu kubwa ya majibu yangu inazihusu.

SWALI: Mimi ni ofisa katika kitengo cha TEHAMA cha chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo akaunti ya mtumishi wetu ilidukuliwa, na kutoka kwenye akaunti hiyo zikatumwa barua kwa maelfu ya wanafunzi zikiwaambia kwamba "boom", yaani fedha za mkopo za kujikimu, limekwama na wabofye kiungo ili kuhakiki taarifa zao. Wengi walibofya. Uongozi umeniagiza niandae semina ya siku moja kwa chuo kizima, na mpaka sasa nina slaidi 80. Nianzie wapi?
Ofisa TEHAMA, Nyanda za Juu Kusini

JIBU: Ndugu Ofisa, nakuomba slaidi hizo uziweke kando. Mtu aliyeambiwa mambo 80 kwa siku moja hatalikumbuka hata moja saa nne usiku, akiwa amejilaza hosteli na simu mkononi, pale barua itakapomwambia kwamba fedha zake za kujikimu zimezuiwa. Chagua jambo moja unalotaka kila mtu alifanye, eleza sababu yake mpaka ieleweke, kisha ulirudie mwaka mzima.

Anza na kile ambacho wanafunzi wako wanakijua tayari. Ni vigumu kumpata kijana wa Kitanzania mwenye simu ambaye hajawahi kupokea ujumbe unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii". Wengi huufuta bila kuumaliza, na wapo wanaoutuma kwenda 15040, namba iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa ajili ya kuripoti utapeli wa aina hiyo. Kijana huyohuyo akipokea barua pepe yenye jina la chuo juu yake hulegea, kwa kuwa anaamini kwamba kuna mtu au mtambo fulani uliokwisha kulihakiki jina hilo kabla ya barua kumfikia. Imani hiyo ndiyo ya kuondoa kwanza.

Kanuni za kusafirisha barua pepe ambazo ndizo msingi wa kazi hii hadi leo ziliandikwa na mwanasayansi wa kompyuta Jon Postel na kutolewa Agosti 1982, wakati mtandao ulikuwa wa watafiti wachache walioaminiana, na hazikumtaka mtumaji athibitishe kwamba jina analojiita ni lake. Ilikuwa sawa na barua ya posta, ambayo nyuma ya bahasha yake unaweza kuandika jina la Askofu au la Sheikh Mkuu, na karani wa posta akagonga muhuri na kuisafirisha vilevile. Kwa ruhusa ya maandishi ya uongozi, onyesha ukumbini barua yenye jina la Makamu Mkuu wa Chuo, kisha ubofye jina hilo ili anwani iliyojificha chini yake ijitokeze, nayo iwe anwani ya bure uliyoifungua asubuhi hiyohiyo. Nimelifanya onyesho hilo mara kadhaa, na kila mara nimeona watu wakitoa simu zao na kuanza kubofya majina ya watumaji katika vikasha vyao. Hapo somo limeingia.

Zipo kinga zilizoongezwa baadaye, nazo ni kazi ya kitengo chako. SPF hutangaza ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la chuo, DKIM huitia barua sahihi ya kidijitali, na DMARC huziambia seva zinazopokea zifanye nini na barua isiyotimiza masharti hayo. Nimeona taasisi zilizoiweka DMARC katika hali ya kutazama tu, bila kuzuia chochote, na kuiacha hivyo miaka nenda miaka rudi. Tafadhali hakikisha ya kwenu inazuia. Pamoja na hayo, katika mkasa wenu kinga zote tatu zisingepiga kelele, kwa sababu barua zilitoka kwenye akaunti halisi ya mtumishi halisi. Mwanafunzi aliyebofya jina la mtumaji akakuta anwani ya chuo alikuwa ametimiza kila alichofundishwa, na bado akaibiwa.

Kwa hiyo jambo moja ambalo ningelifundisha ni hili: barua ikikutaka uingize nywila, ulipe, au utoe taarifa zako, toka ndani ya barua hiyo na uende mwenyewe kunakohusika kwa njia unayoijua tangu zamani. Fungua kivinjari, andika anwani ya mfumo wa wanafunzi kwa mkono wako, kisha utazame kama tangazo hilo lipo. Likiwa la kweli utalikuta, na lisipokuwepo umenusurika bila kuwa mtaalamu wa chochote. Zoea hili halimdai mtu awe na macho makali, na hiyo ndiyo sababu ninalipenda kuliko mengine yote. Zamani tuliwaambia watu watafute makosa ya tahajia na sarufi. Siku hizi programu za akili mnemba zinaandika barua safi kuliko nyingi zinazotoka katika ofisi zetu, na somo lile limekwisha muda wake.

Kwa atakayetaka kusoma viungo, mfundishe kuanza kulia. Katika anwani ya mfano kama chuochetu.ac.tz.hakiki-malipo.com, jina la chuo limetangulia ili kuvuta jicho, lakini mmiliki ni yule aliyekaa karibu kabisa na nukta ya mwisho, yaani hakiki-malipo.com. Kwenye simu, kiungo hakionekani mpaka ukibonyeze na kukishikilia bila kuachia, na wanafunzi wengi hawajui hilo kwa sababu hawajawahi kuonyeshwa.

Sasa nakuja kwenye swali lako la nianzie wapi. Ningeanza na Msajili, Bursa, Mshauri wa Wanafunzi, ofisi ya rasilimaliwatu na makatibu muhtasi wa vitivo, kwa sababu hao ndio wanaowafundisha wengine kila siku kupitia barua wanazotuma, hata kama hawajui kwamba wanafundisha. Niliwahi kufanya kazi katika taasisi ambayo sitaitaja, ambako watumishi wote walipokea barua yenye kichwa cha habari kwa herufi kubwa, MUHIMU SANA, kutoka kwenye anwani binafsi ya bure, ikiwataka wajaze namba zao za akaunti za benki katika fomu ya mtandaoni kabla ya saa kumi jioni, la sivyo mishahara ingechelewa. Niliiripoti kuwa ni utapeli, nikajibiwa kwa ukali kwamba ni barua halali ya utumishi. Majuma machache baadaye ilikuja nyingine inayofanana nayo kwa kila kitu, safari hii ya matapeli, na watu wakaijaza kwa utiifu uleule waliozoeshwa. Sikuona haki kuwalaumu wale walioijaza.

Kaa basi na maofisa hao kabla ya semina yoyote, mkubaliane kwa maandishi kwamba barua rasmi zitatoka kwenye anwani za chuo peke yake, kwamba hazitabeba kiungo cha kuingizia nywila, kwamba kila tangazo linalohusu fedha au usajili litawekwa kwanza kwenye mfumo wa wanafunzi na barua pepe itamwelekeza mtu akalisome huko, na kwamba hakuna atakayepewa saa tatu kutekeleza jambo. Makubaliano hayo yakishasainiwa ndipo utakapoweza kusimama mbele ya wanafunzi na kuwaambia, "Chuo hakitakuomba nywila kwa barua, kamwe," ukiwa unasema kweli. Wakumbushe pia maofisa hao kwamba anayetuma matokeo au orodha ya wadaiwa wa ada huku anwani za wanafunzi 300 zikionekana kwa wote anaweza kukiuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Anwani hizo zikae katika sehemu ya nakala ya siri, ile iliyoandikwa Bcc, na kilicho cha mtu mmoja kitumwe kwa mtu huyo mmoja.

Jambo ambalo sijaliona katika semina nyingi ni steshenari. Nje ya lango la chuo, na mara nyingi ndani yake, kuna kompyuta mbili au tatu ambazo wanafunzi hufungulia barua pepe zao ili wachape kazi za darasa. Foleni ni ndefu, mwenye duka anahimiza, mwanafunzi anachukua karatasi zake na kuondoka, akiacha akaunti wazi kwa yeyote atakayekalia kiti baada yake. Zungumza na wenye steshenari kama washirika: wawe na anwani yao ya barua pepe iliyobandikwa ukutani, mwanafunzi awatumie kiambatisho kutoka kwenye simu yake, na asiingize nywila yake kabisa katika kompyuta ya duka. Ukifanikiwa katika hilo pekee, utakuwa umezuia mengi.

Semina ya siku moja ivunje vipande vya robo saa. Kimoja kiwe katika wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, kingine siku chache kabla ya fedha za Bodi ya Mikopo kuanza kutoka, kwa maana matapeli nao wanaijua ratiba hiyo, na kingine wakati wa usajili wa mitihani. Watumie viongozi wa madarasa, maana tangazo la CR katika kundi la WhatsApp husomwa kabla ya lako. Nao wafundishwe kwamba kabla ya kusambaza barua yoyote yenye kiungo, kwanza waulize kitengo chako.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nilibofya kiungo nikaingiza nywila yangu ya barua pepe ya chuo. Nilipogundua nilibadilisha nywila, lakini sikumwambia mtu kwa kuwa nasoma shahada ya kompyuta na wenzangu wangenicheka. Sasa ni wiki ya tatu, na msimamizi wangu wa utafiti anasema amenitumia barua mbili ambazo mimi sijaziona. Nifanye nini?
Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe wasiwasi: kusoma kompyuta hakumkingi mtu na uchovu, haraka, wala barua iliyoandikwa vizuri. Mwaka 2004, katika chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani, makadeti zaidi ya 500 walitumiwa barua ya majaribio iliyotoka kwa kanali asiyekuwepo ikiwataka wabofye kiungo kuhusu alama zao, na zaidi ya asilimia 80 walibofya. Hao walikuwa vijana waliofunzwa nidhamu na tahadhari.

Ulifanya vyema kubadilisha nywila, lakini barua zinazopotea zinaonyesha kwamba huenda mdukuzi aliacha kitu nyuma yake. Mtu akiingia katika akaunti, mara nyingi huenda kwenye mipangilio na kuweka kanuni ya kupeleka nakala za barua zako kwenye anwani yake, au ya kuzifuta au kuzihamisha barua zenye maneno fulani kabla hujaziona, na kanuni hiyo huendelea kufanya kazi hata baada ya nywila kubadilishwa. Kwa hiyo leo hii ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako kwa kutumia kompyuta unayoiamini, utazame sehemu ya vichujio na ya kusambaza barua, na ufute kila usichokitambua. Kisha chagua kuondoka katika vifaa vyote kwa pamoja, ili aliyekuwa ndani atolewe. Kagua kama namba ya simu na anwani ya kurejeshea akaunti bado ni zako, na uondoe programu zozote za nje zilizopewa ruhusa ya kusoma barua zako. Badilisha nywila kwa mara nyingine baada ya usafi huo, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, ukikumbuka kwamba ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako haombwi na ofisa yeyote wa chuo, hata akipiga simu na kukutaja kwa jina lako lote.

Kama nywila ile uliitumia pia kwenye mitandao ya kijamii au katika mfumo wa mikopo, huko nako ibadilishe, kila mahali na yake. Watu huniuliza watazikumbukaje zote. Jibu langu ni programu ya kutunza nywila, na kwa asiyeiweza, daftari lililofungiwa nyumbani ni salama kuliko nywila moja kila mahali.

Baada ya hapo nenda kitengo cha TEHAMA na ueleze yote, pamoja na tarehe. Nakusihi usiliache hili. Katika Chuo Kikuu cha Maastricht nchini Uholanzi, barua ya kilaghai ilifunguliwa katikati ya Oktoba 2019, na waliokuwa nyuma yake walitembea kimyakimya ndani ya mtandao wa chuo hadi tarehe 23 Desemba, walipozifunga seva 267 na kudai walipwe ili wazifungue. Chuo kililipa bitcoin 30, zilizokuwa na thamani ya karibu euro 200,000 wakati huo. Kilichofuata ni cha kuheshimiwa: chuo kiliitisha mkutano wa hadhara Februari 2020 kikaeleza mbele ya vyuo vingine namna kilivyoingiliwa, hatua kwa hatua. Taasisi nzima ikiweza kusema hivyo hadharani, nawe utaweza kusema kwa ofisa mmoja ofisini kwake. Wiki tatu si nyingi mno. Ikitokea kwamba umepoteza fedha, toa taarifa polisi pia, ukiwa umeihifadhi barua ile bila kuifuta, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaihusu, na barua yenyewe ndiyo ushahidi.

SWALI: Mimi ni mhasibu katika chuo kikuu nchini Kenya. Mwezi uliopita tulipokea barua pepe kutoka kwa mkandarasi wetu akisema amebadilisha benki. Barua ilikuwa na nembo, sahihi, kila kitu. Nilitaka kumpigia simu kwanza, lakini mkubwa wangu alisema ninachelewesha kazi. Tulilipa, na kwa bahati ilikuwa ya kweli. Je, nilikosea kutaka kuuliza?
Mhasibu, Eldoret

JIBU: Hukukosea hata kidogo, Ndugu Mhasibu, na naomba barua hii uikate na kumpelekea mkubwa wako.

Agosti 2017 Chuo Kikuu cha MacEwan, mjini Edmonton nchini Kanada, kiligundua kwamba kimelipa dola za Kanada milioni 11.8 kwenye akaunti isiyo ya mkandarasi wake. Barua pepe zilizojifanya kuwa za kampuni ya ujenzi iliyokuwa ikikifanyia kazi chuo ziliwaomba watumishi wabadilishe taarifa za benki za kampuni hiyo, nao wakabadilisha bila uhakiki wa kutosha. Malipo yalifanyika mara tatu ndani ya siku chache, na kosa lilijulikana pale kampuni halisi ilipouliza fedha zake ziko wapi. Sehemu kubwa ya fedha ilirudishwa baadaye, baada ya kufuatiliwa hadi Montreal na Hong Kong na baada ya kazi ndefu ya mawakili, lakini chuo kisicho na uwezo huo wa kisheria kingekuwa kimezipoteza.

Fikiri kwamba watumishi wale hawakufungua kiambatisho chenye virusi wala hawakutoa nywila. Kompyuta zao zilikuwa salama. Walichokosa ni simu moja, iliyopigwa kwa namba iliyomo ndani ya mkataba wa awali, kwa kuwa namba iliyoandikwa chini ya barua yenyewe inaweza kuwa ya tapeli, naye atakupokea kwa adabu na kukuthibitishia kila kitu. Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba badiliko la akaunti ya benki lisiingizwe na mtu mmoja, lihakikiwe kwa simu hiyo, na malipo ya kwanza baada ya badiliko yasubiri walau siku mbili za kazi.

Lakini kanuni hiyo haitafanya kazi katika ofisi ambako mdogo anayeuliza anahesabiwa kuwa mkaidi. Sisi tumelelewa kuwaheshimu wakubwa, na malezi hayo ni mema. Tapeli naye anayajua, ndiyo maana huandika kwa jina la Makamu Mkuu wa Chuo ijumaa saa tisa alasiri, akisema yuko mkutanoni na hawezi kupokea simu, na kwamba malipo yafanyike sasa hivi. Dawa yake lazima itoke juu. Mkuu wa taasisi atoe waraka wenye sahihi yake, usemao kwamba hakuna mtumishi atakayelaumiwa kwa kuchelewesha malipo ili ayahakiki, hata kama agizo limetoka kwake mwenyewe. Waraka huo ubandikwe ofisini kwenu mahali ambapo anayepiga simu anaweza kuunyooshea kidole.

SWALI: Idara yetu ya TEHAMA imeanza kututumia barua za uongo ili kutupima, na wanaobofya majina yao yanasomwa katika kikao cha kitivo. Wiki iliyopita profesa mwenye umri wa miaka 64 alisomwa mbele ya wanafunzi wake wa zamani. Je, njia hii inafundisha kweli?
Mhadhiri, Mwanza

JIBU: Mheshimiwa Mhadhiri, kusoma majina ni jambo la kukomeshwa leo. Profesa huyo, siku atakapobofya barua ya kweli ya matapeli, hataripoti, na chuo kitakuwa kimepoteza saa ambazo kilizihitaji kuliko zote.

Kuhusu upimaji wenyewe, vyuo vikuu ndiko ulikochunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana walikusanya kutoka mitandao ya kijamii taarifa za nani ni rafiki wa nani, kisha wakawatumia wanafunzi barua za majaribio. Barua iliyoonekana kutoka kwa mtu wasiyemjua iliwanasa asilimia 16, na iliyoonekana kutoka kwa rafiki iliwanasa asilimia 72. Tofauti hiyo haikuletwa na ujinga wa wanafunzi wa kundi la pili; walimwamini rafiki yao, kama mtu yeyote anavyofanya. Hivi karibuni zaidi, katika hospitali za Chuo Kikuu cha California San Diego, watumishi wapatao 19,500 walifuatiliwa kwa miezi minane, na waliopewa mafunzo papo hapo baada ya kubofya walikuja kuwazidi wasiopewa katika kuepuka mtego kwa asilimia 1.7 tu. Watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha nchini Uswisi, nao, waliowafuatilia wafanyakazi zaidi ya 14,000 wa kampuni moja kwa miezi 15 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2022, waliona kwamba kurasa za mafunzo zinazotokea baada ya kubofya hazikuwakinga watu, na kwamba kilichofaa sana ni kitufe cha kuripoti. Watu wengi wakiripoti kile wanachokishuku, shambulio hujulikana ndani ya dakika chache, na ari ya kuripoti haikuchakaa kadiri miezi ilivyokwenda.

Ningeiomba idara yenu ihesabu kitu kingine basi. Iache kuhesabu waliobofya, ihesabu walioripoti na muda uliopita kabla ya ripoti ya kwanza, na kila aliyeripoti ajibiwe siku hiyohiyo na mtu, kwa maneno ya shukrani, hata kama alichoripoti kilikuwa barua halali. Mwenye kuripoti mara tatu bila kujibiwa hataripoti ya nne.

Wawe waangalifu pia na maudhui ya majaribio. Agosti 2024 Chuo Kikuu cha California Santa Cruz kiliwatumia watu wake barua ya majaribio iliyotangaza mgonjwa wa Ebola chuoni. Watu walishikwa na taharuki, na chuo kikalazimika kuomba radhi. Sisi wa ukanda huu, ambao jirani zetu wa Kongo na Uganda wamezika ndugu kwa ugonjwa huo, hatuhitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo halifai. Tangazo la dharura ni amana. Likishatumiwa kwa mtego, la kweli litakapokuja litatiliwa shaka. Vivyo hivyo kwa habari za mikopo na mishahara.

Na wanaowasomea wengine majina wakumbuke yaliyokifika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Kwa mujibu wa ripoti ambayo chuo hicho kilijitolea kuichapisha Oktoba 2019, wadukuzi walianzia kwenye barua iliyotumwa kwa mtumishi mwandamizi tarehe 9 Novemba 2018. Haikubofywa. Ilitazamwa kwa juu tu, na hilo likatosha. Sijui katika kikao cha kitivo lingesomwa jina la nani kwa kosa hilo.

SWALI: Mimi ni mtafiti wa fasihi Zanzibar. Profesa kutoka Ulaya ameniandikia akiisifu makala yangu kwa undani, na ameweka viungo vya makala nyingine anazotaka maoni yangu. Nilipobofya nilitakiwa kuingia upya kwenye akaunti ya maktaba ya chuo chetu. Niliacha hapo. Je, nimemkosea adabu?
Mtafiti, Unguja

JIBU: Umefanya ilivyopasa. Machi 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya Wairani tisa waliohusishwa na Taasisi ya Mabna, kwa njia inayofanana kabisa na hiyo: barua ya mwanazuoni anayesifu makala ya mwenzake, viungo vya makala nyingine, kisha ukurasa bandia uliochorwa kama wa chuo cha msomaji, ili adhani muda wake wa kuwa ndani umekwisha. Kwa mujibu wa mashtaka hayo walilenga akaunti za maprofesa zaidi ya 100,000, wakafanikiwa kuingia katika zipatazo 8,000, katika vyuo 144 vya Marekani na 176 vya nchi nyingine 21. Walichotafuta ni makala, tasnifu na vitabu vya maktaba, yaani jasho la watu kama wewe, ndiyo maana ninaomba wakutubi nao waingizwe katika mafunzo haya mapema.

Barua hiyo ipeleke kwa kitengo cha TEHAMA kama ilivyo, bila kuibofya tena. Kisha tafuta ukurasa wa idara ya profesa huyo katika tovuti ya chuo chake, uchukue anwani iliyopo hapo, na umwandikie mistari miwili kumwuliza kama barua ni yake. Makala alizozitaja, kama zipo, utazipata kwa kuingia maktaba kwa mlango wako wa kila siku.